Kuchapisha barua kwenye sekretariati bila kuacha siri zako nyuma

Ukienda kuchapisha barua ya kazi kwenye sekretariati (duka la kompyuta na kuchapisha) Nyawera au Kadutu, mjini Bukavu, usimhofie sana mdukuzi wa mbali. Hofia mteja atakayekaa kwenye kiti chako ukishatoka.

Kabla ya kufungua barua pepe, bonyeza Ctrl+Shift+N kwenye Chrome au Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Dirisha hilo la faragha halitunzi historia. Hapa Bukavu lina faida nyingine: umeme ukikatika, dirisha la kawaida linaweza kurudisha kurasa zako zote, akaunti ikiwa bado wazi. La faragha halirudi.

Neno la siri likikataliwa, usibahatishe. Huenda vitufe ni AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa) lakini Windows imepangwa QWERTY (wa Kiingereza), hivyo ukibonyeza a inatoka q. Andika herufi chache za bure kwenye kisanduku cha jina, uone kinachotokea (neno la siri lenyewe usiliandike hapo, maana linaonekana). Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na spesi kubadili mpangilio, kama mwingine umewekwa. Alama ya @ ni AltGr na 0 kwenye kibodi ya Kifaransa. Ya Kibelgiji, AltGr na 2.

Wengi hudhani dirisha la faragha linafuta kila kitu. Wapi! Faili uliyopakua inabaki kwenye folda ya Téléchargements, na picha ya kadi yako ya mpiga kura humo humo. Ichague, bonyeza Shift+Suppr (kitufe cha kufuta); Suppr peke yake inaihamishia tu Corbeille, yaani pipa la taka. Barua ifunge mwenyewe kwanza kabla ya kuifuta. Umeme ukikatika ikiwa wazi, Word ikifunguliwa tena yaweza kuionyesha pembeni kama hati iliyookolewa, kwa yeyote aliyepo. Ukiweza, subiri umeme urudi uifute.

Dirisha hilo pia halizuii programu inayonakili kila unachochapa, kwa hiyo mambo ya benki yaache kabisa. Bora ugeuze barua kuwa PDF kwenye simu, uilete kwenye flashi isiyo na kitu kingine.

WhatsApp uliyoifungua kwa kuskani msimbo huendelea kupokea ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa. Ukisahau, usirudi mbio: kwenye simu, ndani ya WhatsApp, fungua Appareils connectés, gusa kompyuta ile, kisha Se déconnecter.