Modeli ya maji kwa ajili ya ningu: anzia mtoni, kompyuta baadae

Wengi wakitaka kujua mto ubakizwe na maji kiasi gani ili samaki waishi wanakimbilia kufungua programu, alafu ndo wanaanza kuhangaika na data za kuilisha. Mi naanzia mtoni. Ntatumia ningu wa Mto Mara, upande wetu wa Tanzania, maana huyu samaki maisha yake yameshikwa na mto kweli kweli, anakaa Ziwa Victoria, mvua zikianza anapanda mtoni, anataga pembeni kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko alafu anarudi. Ndo maana nyavu zilipozidi kwenye midomo ya mito alipungua vibaya, alikuwa anadakwa mayai bado yako tumboni.

Kwa hiyo kwanza kaa na wavuvi. Usiwaulize kuhusu "makazi", hilo ni neno la kwenye ripoti. Unasema shikamoo mzee, ningu mkubwa unamkuta maji yakikufika wapi, magotini au kiunoni? Yanakusukuma au yametulia? Chini unakanyaga mchanga, changarawe au mwamba? Na vitoto vyake unaviona wapi? Majibu hayo yageuze namba, kina kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde, alafu nenda ukavue na kupima palepale samaki alipotoka. Ukipata pointi za kutosha unachora mchoro wa upendeleo, 0 maana yake hapafai kabisa, 1 ni pazuri kuliko kote. Wakubwa mchoro wao, kutaga mchoro wake, vitoto mchoro wao, usiwachanganye. Na tafadhali usiazime mchoro wa samaki wa Marekani, najua hii njia ilizaliwa kule miaka ya 1970 na imejaa michoro ya trauti wa maji baridi, ningu hahusiki hapo.

Sasa umbo la mto. Hapa ndo kazi ngumu na hapa ndo watu wanachapia. Ile ramani ya bure ya setelaiti yenye pikseli za mita 30 weka pembeni, haioni chini ya maji na pikseli moja inameza kila kitu, jiwe, shimo, ukingo. Chagua kipande cha mto chenye kila aina ya sehemu, penye mawe, penye kidimbwi, penye maji yanayokimbia, upime kwa mashine ya levo au jipiesi ya wapima ardhi, pointi nyingi pale umbo linapobadilika, chache pale palipo tambarare. Na usiishie kwenye kingo! Ningu anataga nje ya kingo, ukikata data pale majani yanapoanza modeli yako itakwambia hakuna pa kutagia hata mafuriko yaje vipi. Benchimaki, yaani alama ya kudumu unayolinganishia vipimo vyote, weka kwenye zege au mwamba. Sisi tuliwahi kupiga yetu msumari kwenye mti, tukarudi baada ya mvua mti haupo, pointi za wiki nzima hazikuungana na za mwanzo. Na hakikisha kuna mtu kazi yake ni kuangalia mamba na viboko tu, asishike fimbo wala daftari.

Mtiririko, yaani ujazo wa maji unaopita kila sekunde, pima siku tatu tofauti angalau, maji kidogo, ya kati na mengi. Kasi unapima kwenye 0.6 ya kina kutoka juu, pakiwa na kina kirefu chukua 0.2 na 0.8 utafute wastani. Siku hizo hizo weka alama usawa wa maji ulipofika, pale maji yanapoingia kwenye kipande chako na pale yanapotokea.

Programu mi natumia HEC-RAS, inapiga hesabu za maji ya mto, ni ya bure na tangu toleo la 5.0 la 2016 ina sehemu ya 2D, yaani inafuata maji kwa urefu na kwa upana wa mto. Unaingiza umbo la mto, unautandazia wavu wa vyumba vidogo (mita 1 au 2 penye mawe na pembeni, kwingine hata 5), unatia mtiririko pale maji yanapoingia na usawa wa maji pale yanapotokea. Ukwaru, yaani namba ya jinsi chini ya mto panavyokwamisha maji (wanaiita n ya Manning), anza na 0.035 penye usafi, 0.05 penye mawe, kwenye majani tumia namba kubwa zaidi. Rekebisha kwa siku mbili ulizopima, ya tatu ifiche uitumie kuijaribu modeli. Usifurahie usawa wa maji kukubali tu, angalia na kasi, maana unaweza kupata kina sahihi huku kasi ni ya uongo na samaki anaishi na vyote viwili.

Alafu kila chumba unakipa alama kutoka kwenye ile michoro ya upendeleo. Mfano wa namba za kubuni: chumba cha mita za mraba 10, kina kimepata 0.8, kasi 0.5, chini ya mto 1.0. Ukizidisha unapata 0.4, yaani mita za mraba 4 zinazofaa. Lakini ukitafuta wastani wa hizo alama tatu kwa kuchukua kipeuo cha tatu cha hiyo 0.4 unapata kama 0.74, zinakuwa mita za mraba 7.4. Mto ule ule, samaki yule yule, jibu karibu mara mbili! Kwa hiyo andika wazi umetumia njia gani na usiibadilishe katikati.

Rudia kwa mitiririko kama kumi, jumlisha, chora eneo linalofaa dhidi ya mtiririko. Angalia pale mstari unapoanza kuporomoka, hapo ndo pa kujadiliana na watu wa ofisi ya bonde la mto na wa umwagiliaji. Ila usiseme hizo mita za mraba ni idadi ya samaki. Mara ina vidimbwi vya viboko, kinyesi kinajikusanya, maji yakija kwa nguvu yanakisomba, oksijeni inashuka na samaki wanakufa huko chini, na siku hiyo modeli itakuonyesha kina na kasi safi kabisa. Kwa hiyo beba na kipima oksijeni kila unapokwenda kupima mtiririko.