Kukereza mipira ya mbao kwa jigi: ukiweka pini mahali pake, duara inakuja yenyewe

Mpira mmoja wa mbao fundi mzuri anautoa kwa bobari (patasi ya mkono yenye mfereji) na macho yake tu, hiyo sikatai, lakini mteja wa ngazi hataki mmoja, anataka 12 za kukaa juu ya nguzo na zote zifanane. Kuna seti moja niliikereza kwa mkono ya nyumba fulani huko Syokimau, mwenye nyumba akapanda ngazi akiwa ameshika nguzo, kufika ya tatu akasimama, kiganja kilikuwa kimeshajua ile si duara. Nikarudi nazo nane wokshopu. Hapo ndio nilitengeneza jigi, yaani kifaa cha kuongoza patasi, na tangu siku hiyo sijawahi kurudishiwa mpira.

Kanuni yake ni ya bikari. Mguu mmoja umesimama, mwingine unazunguka, umbali katikati yao haubadiliki. Kwenye leithi, ile mashine ya kukereza, mguu uliosimama ni pini ya chuma imekaa chini ya mbao, wima kabisa, chini ya kitovu cha mpira, na mguu unaozunguka ni ncha ya patasi. Mbao inazungushwa na mashine, wewe unazungusha patasi kushoto kulia kwa mkono, na hizo mizunguko mbili zikikutana zinakupa duara.

Vyuma vyake unapata Kamukunji ama kwa fundi yeyote wa kuchomelea. Unataka bamba la milimita 6, bolti ya milimita 12 ndio iwe pini, beringi mbili namba 6201 maana tundu lake ni hiyo 12 (maduka ya vipuri Kirinyaga Road hazikosi), na square bar ya kushikilia patasi. Beringi zikae mbili, moja juu ya ingine ndani ya kipande cha paipu, maana ukitumia moja, mkono wa jigi unaoshika patasi utacheza na mpira utatoka na mistari. Mkono wenyewe unabebwa na bamba linalozunguka juu ya pini, na uwe na mpini mrefu kama milimita 300, maana mpini mfupi unarukaruka kwa mkono na mrefu unatulia. Patasi iteleze mbele na nyuma kwenye mkono na ifungwe na bolti mbili, ncha yake mimi natumia kipande cha hai-spidi (chuma kigumu cha kukatia) nimekinoa mviringo. Chini ya jigi weka ulimi wa mbao ngumu unaoingia kwenye nafasi ya katikati ya bedi (reli za chini za leithi) bila kucheza, ndio jigi iteleze mbele na nyuma lakini isiende pembeni hata kidogo.

Kitu ingine kabla ujaanza kuchomelea, pima kutoka bedi hadi senta, yaani mstari ambao mbao inazunguka. Leithi yangu ni milimita 150. Mpira wa kipenyo cha 80 unashuka 40 chini ya senta kwa hivyo nabaki na 110 za kuweka jigi, na nimeinua pini kwa bloku la mbao hadi karibu na mpira. Ukiacha jigi chini kwenye bedi alafu uinue patasi na kipande kirefu cha chuma, kile chuma kitatetemeka kama waya na hutapenda sura ya mbao yako.

Sasa sehemu ambayo nakuomba usiharakishe, tenga asubuhi nzima ikibidi. Pini lazima ikae chini ya mstari wa senta, si karibu na mstari, kwenye mstari. Timazi inakusaidia kuanza lakini haitoshi. Njia ninayoiamini ni hii: rudisha patasi nyuma mpaka ncha iwe juu ya pini kabisa, ukizungusha mkono ncha inabaki pale pale haihami, alafu sogeza senta ya telistoki (ile ncha ya kichwa cha leithi kinachoshikilia mwisho wa mbao) mpaka iguse hiyo ncha. Zikikutana ncha kwa ncha, pini yako iko sawa na urefu wa patasi pia uko sawa. Zikipishana, punguza ulimi pembeni ama uwekee karatasi, jaribu tena.

Ukikereza kipande cha majaribio mbao yenyewe itakuambia kosa liko wapi. Ukipata nyanya, yaani pana katikati na imebonyea kwenye ncha, pini iko upande wako zaidi. Ukipata limau, ncha zimechongoka, pini imevuka kwenda upande wa pili. Na kumbuka kosa la milimita 1 linakuwa 2 kwenye kipenyo, maana inahesabika pande zote. Ikiwa duara iko poa lakini kuna chuchu ndogo imebaki kwenye ncha, hapo pini haina shida, ni patasi iko juu au chini ya senta. Inua au shusha tu, usiguse kitu ingine.

Mbao iwe kavu. Hii ni muhimu kuliko aina ya mbao, kwa sababu mbao inanywea upana lakini urefu wa nyuzi haupungui karibu kitu, na hata kwa upana hainywei sawa pande zote, kwa hivyo mpira wa mbao mbichi ukiutoa duara leo, baada ya muda utakuwa yai na jigi haina makosa. Mukau ikikauka inakaa vizuri sana, grevilia ni rahisi kupata na inafaa kujifunzia, mvule ni nzuri lakini vumbi lake linawasha pua na ngozi, vaa maski.

Kwa mpira wa 80 mimi nakata mbao 90 kwa 90 urefu kama 150, nakereza iwe silinda, naweka ulimi upande mmoja nafunga kwenye chaku (taya za leithi zinazoshika mbao). Zungusha silinda hadi ibaki 82 hivi, piga mstari wa penseli katikati ya mpira, alafu toa kona kwa bobari kabla ya kuleta jigi. Kona zinatolewa kwa hesabu: kipenyo mara 0.293. Kwa 80 inakuja milimita 23, pima 23 kutoka mwisho wa mpira na 23 kwenye uso kutoka ukingo, unganisha hizo alama na ukate. Jigi si ya kubomoa mbao, ni ya kumalizia, ukiilazimisha kula kona nzima itang'ata na kung'oa mbao kwenye chaku.

Leta jigi, geuza mkono uelekee mbao na utelezeshe mpaka ncha iguse ule mstari wa penseli, funga jigi kwa bedi. Zungusha kila kitu kwa mkono mara moja uone hakuna kinachogonga chaku. Spidi anza kama mizunguko 800 kwa dakika, ikitulia panda 1000 na kitu. Kata kutoka katikati ya mpira kwenda kwenye ncha, kushoto alafu kulia, milimita 1 kila mara na mwishoni nusu, usianzie kwenye ncha kupanda juu maana nyuzi zitachanika. Weka bolti ya kuzuia patasi ikifika 40 kutoka katikati ya pini, ndio mpira wa 12 uwe sawa na wa kwanza. Glovu usivae, mikono mirefu ya shati kunja, miwani lazima. Na stima ikipotea katikati ya kazi zima swichi na urudishe patasi nyuma, isirudi ghafla ikute ncha imeegemea mbao.

Shingo upande wa chaku iache milimita 20, telistoki ikiwa imeshikilia upande ule mwingine, alafu zima mashine ukate na msumeno wa mkono. Alama mbili zinazobaki unazitoa kwa vikombe viwili vya mbao, kimoja kwenye chaku na kimoja kwenye senta inayozunguka, ndani nimegundisha tyubu ya baiskeli isikwaruze. Bana mpira ukiwa umeugeuza digrii 90, toa alama kwa patasi pole pole, piga msasa 120, geuza, 180, geuza, 240. Usikae mahali pamoja na msasa, duara uliyoitafuta asubuhi nzima inaharibika hapo.

Kupima, kata kipande cha paipu chembamba kuliko mpira, nyoosha mdomo wake vizuri, uweke juu ya mpira ukielekea dirishani na uuzungushe kila upande. Mwanga usipite mahali popote. Ukipita, angalia kama ni nyanya ama limau, na urudi kwenye pini.