Kambale jike kajaa mayai na hatagi? Mpe homoni

Huku Kigoma utaskia mtu analalamika kambale wake tumbo limejaa bwawani alafu hatagi, anadhani mgonjwa. Siyo mgonjwa jamani, mayai yamekua ila yamesimama yanasubiri amri kutoka kichwani, na bwawani hakuna yale mafuriko ya masika ya kumshtua.

Sasa amri unampa wewe. Chukua kambale mwingine aliyekomaa, uzito sawa na jike, mchinje, fungua fuvu kwa upande wa kaakaa, chini ya ubongo utaona kapunje keupe kadogo sana, hiyo ndo tezi ya pituitari, homoni yenyewe imo humo. Isage na mililita 2 za maji ya drip yale ya chumvi, vuta kwa sindano, mfunike jike kichwa na taulo bichi atulie, mchome nyama ya mgongo.

Homoni ikifika kwenye seli zinazozunguka yai, zenyewe zinatengeneza homoni ya pili, na hiyo ndo inaliamsha yai: kiini kinasogea pembeni, ngozi yake inayeyuka, alafu yai linachomoka. Hata kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota kule baharini, ni hivyohivyo, homoni yake ya pili inaitwa 1-methiladenini, napenda sana hilo.

Maji ya digrii 25 subiri kama masaa 11 au 12, yakiwa 20 inapita hata masaa 20. Usikimbilie kumkamua mayai kabla ya hapo! Akiwa tayari ukimminya tumbo kidogo tu mayai yanachuruzika, ila yakigoma au ikitoka damu mrudishe kwenye beseni.