Kuchagua Tremolo ya Gitaa kwa Mpigaji wa Benga

Uzi wa gitaa hauchagui saa ya kukatika. Ukikatika saa saba za usiku, ukumbi wa Kondele umejaa na mwimbaji ameshaliachia gitaa la solo uwanja, daraja, yaani kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi, ndilo litakaloamua kama mpigaji ataendelea na nyuzi tano zilizosalia au atanyamaza. Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri kuhusu gitaa la umeme lenye tremolo, humwuliza kwanza kama yuko tayari kwa saa hiyo, kisha ndipo tuzungumzie sauti.

Tremolo ni daraja lenye mkono wa chuma ambao, ukibonyezwa, hulegeza nyuzi zote kwa pamoja ili sauti ishuke, na ukiachiliwa, springi huirudisha. Jina lenyewe si sahihi, kwa kuwa kupanda na kushuka huko kwa sauti huitwa vibrato, lakini kampuni ya Fender ililitumia kwa gitaa lake la Stratocaster mwaka wa 1954 na likazoeleka.

Muundo huo wa Stratocaster ndio utakaoukuta mara nyingi. Bamba la daraja hushikwa kwa mbele na skrubu sita, au mihimili miwili katika magitaa mengi ya baadaye, huku springi zisizozidi tano zikilivuta kutoka nyuma ya bodi. Bamba likiachwa lielee, yaani lisilale juu ya bodi, nyuzi na springi huvutana kama pande mbili za mizani. Uzi mmoja ukikatika, springi hushinda, bamba hulala nyuma, na nyuzi zote zilizobaki hupanda sauti. Kuna na kasoro nyingine inayomgusa mpigaji wa benga hasa, kwa sababu sisi hupiga nyuzi mbili kwa pamoja mara kwa mara: ukiuvuta uzi mmoja kwa kidole ili upande, mwenzake hushuka.

Dawa yake ni rahisi. Fungua kifuniko cha nyuma, utaona skrubu mbili ndefu zinazoshikilia kipande cha chuma ambacho springi zimening'inia. Zikaze kwa bisibisi nusu mzunguko kila moja, utiuni gitaa upya, kisha urudie, mpaka bamba lilale kabisa juu ya bodi na lisiinuke unapouvuta uzi. Mkono hautaweza tena kupandisha sauti, utaishusha tu, lakini uzi ukikatika nyingine hazitahama. Naona hiyo ni biashara nzuri sana.

Aina nyingine ya tremolo, Floyd Rose, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970, hufunga nyuzi kwa kufuli kwenye daraja na tena mwisho wa shingo. Hakuna inayoishinda kwa kurudi katika sauti yake baada ya mkono kubonyezwa hadi chini. Hata hivyo, kwa muundo wake wa asili, kubadilisha uzi kunataka ukate kile kidonge cha mwisho wake, ulegeze na kukaza vifungio kwa spana ndogo ya pembe sita, na kama daraja linaelea, usubiri lipate mizani upya. Mwenye gitaa moja tu asijitwishe mzigo huo jukwaani.

Aina ya tatu, Bigsby, hukaa juu ya bodi na hutoa mtikisiko mdogo, laini, unaopendeza katika mwendo wa polepole. Kuweka uzi mpya humo kunachosha vidole.

Kabla ya kulipa, tiuni gitaa, bonyeza mkono mara tano, kisha usikilize kila uzi. Nyuzi zikirudi chini au juu ya sauti zake, usikimbilie kulaumu daraja. Tazama kile kipande chembamba kilicho mwisho wa shingo, karibu na vigingi, ambacho nyuzi hupita katika vijia vyake. Ukisikia mlio mdogo mkali unapotiuni, uzi unanasa hapo. Ulegeze, uutoe kijiani, usugue ncha ya penseli ya kawaida ndani ya kijia mpaka kiwe cheusi, uurudishe, ubonyeze mkono tena. Nimeona gitaa lililokuwa linauzwa kwa bei ya kutupa likitulia kwa penseli tu.