Kupinga mradi bila kung'oa vigingi

Mimi ni karani wa kamati ya wavuvi hapa Amu (Lamu), Kenya. Kazi yangu daftari na muhuri. Vijana wakinijia na habari kwamba pahala fulani pamepigwa vigingi vya mradi, nawaambia wasiviguse. Ukiving'oa, kesho mshtakiwa ni wewe, na wazee watachangisha pesa za dhamana badala ya za wakili.

Anza kwa kuomba karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa, na kwa sheria ya mwaka 2016 ofisi ina siku 21 za kujibu. Andika barua nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mpokeaji akikataa kuugonga, andika jina lake, tarehe na saa, yeye akiona. Aghalabu muhuri hupatikana papo hapo.

Barazani ndipo watu huponzwa. Karatasi ya mahudhurio hupitishwa pamoja na soda, nawe watia sahihi. Soma kichwa chake kwanza. Kama hakina maana, andika kando ya jina lako "nimehudhuria tu, sijakubali", kisha ipige picha. Halafu uliza: ripoti ya athari kwa mazingira imekamilika? Iko wapi tuisome? Mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, ulipata leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mwaka 2016. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Kusikiliza Kesi za Mazingira likaifuta, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya kabla ya ripoti ilionekana ya utangulizi tu. Mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni ya mtambo huo.

Leseni ikitoka, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza hilo la kesi za mazingira. Msingoje Idi ipite.

Maandamano ni haki, kifungu cha 37, bila silaha. Mpelekeeni OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ilani siku tatu kabla, kwa uchache. Panga libaki nyumbani, hata kama umetoka shamba.

Na jirani anayeutaka mradi mwacheni aseme, tena maneno yake yaingie katika kumbukumbu za mkutano. Kumzomea na kumwita msaliti ni dhuluma ile ile tunayoilalamikia. Mimi huandika pande zote mbili, ingawa wengine hununa.

Mkishindwa kwenye baraza la mazingira, mna siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ombeni nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo unaposomwa.