Fosfeti imepanda kwenye tangi la matumbawe: namna ya kuishusha bila kuua kitu

Kama kwenye tangi lako la maji ya chumvi mawe yameanza kuota mwani wa kijani, kioo unakifuta leo na kesho kutwa kina utando tena, na matumbawe magumu yamekuwa ya kahawia na hayakui, basi pima fosfeti, ile chumvi ya fosforasi inayolisha mwani, kabla hujanunua dawa yoyote. Wengi wanakimbilia dawa ya kuua mwani, mwani unakufa kweli lakini unaozea humo humo, ile fosfeti iliyokuwa ndani yake inarudi kwenye maji na baada ya muda uko palepale.

Anza na kipimo, na kipimo chenyewe kiwe kizuri. Hivi vya kulinganisha rangi kwa macho vinasumbua sana kwenye namba ndogo, huwezi kutofautisha 0.05 na 0.15 kwa jicho, na hiyo tofauti ndo tunayoitafuta. Mimi natumia kile kimashine kidogo cha Hanna. Sasa angalia, Hanna HI736 haikupi fosfeti moja kwa moja, inakupa fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), kwa hiyo unazidisha mara 3.066 halafu unagawa kwa 1000. Ikisoma 40 fosfeti yako ni kama 0.12 ppm, yaani miligramu 0.12 kwa lita. Kichupa kifute kwa kitambaa laini kila mara kabla hujakiingiza, alama ya kidole tu au kapovu ka hewa kaliko kwenye kioo kanaharibu jibu lote, na ile pakiti ya unga imwage yote mpaka chembe ya mwisho. Ukipata namba ya kushangaza rudia kwanza, usichukue hatua kwa kipimo kimoja.

Unatafuta namba gani? Kwenye tangi la nyumbani lenye mchanganyiko wa matumbawe kati ya 0.03 na 0.1 ppm ni pazuri. Baharini kwenye miamba yenyewe iko chini zaidi, lakini kule maji yanapita muda wote yakiwa na vijidudu vya kuliwa, kwako hakuna hicho. Na tafadhali usilenge sifuri. Fosfeti na naitreti zikiisha kabisa, matumbawe yanapauka kwa njaa na mara nyingi wanaingia dino, ule uchafu wa kahawia unaovutika kama makamasi wenye vipovu juu, na huo kuutoa ni kazi kubwa kuliko mwani wa kijani. Halafu jambo lingine, tangi lililojaa mwani linaweza kusoma fosfeti ndogo kwa sababu mwani wenyewe unaifyonza, kwa hiyo namba isome pamoja na unachokiona kwa macho.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu wanapotea. Chukua tangi la lita 200 lenye fosfeti 0.40 ppm. Kwenye maji yote hayo kuna miligramu 80 tu. Ukibadilisha asilimia 20 ya maji umetoa miligramu 16. Haya, chukua chakula kikavu ambacho lebo yake inasema fosforasi asilimia 1, gramu moja tu ya hicho chakula ina miligramu 10 za fosforasi, ambayo ni kama miligramu 30 za fosfeti. Si yote inabaki kwenye maji, nyingine inaenda kwenye mwili wa samaki na nyingine inatolewa na skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu, lakini umeona mwenyewe: ndoo za maji za wiki nzima zinaweza kushindwa na chakula cha siku moja. Ndo maana mtu anabadilisha maji mpaka mgongo unauma na namba haisogei.

Na bado kuna mawe. Mawe na mchanga wa kalsiamu vinashika fosfeti juu yake, ikiwa nyingi kwenye maji vinaibeba, ikipungua kwenye maji vinaiachia. Unashusha leo, keshokutwa imepanda tena, unadhani dawa ni feki kumbe ni mawe yanatema kilichokusanywa miezi na miezi. Kama ulinunua mawe yaliyotoka kwenye tangi la mtu aliyeacha, tegemea hili kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza ziba inapoingilia. Chakula toa kidogo kidogo, kiasi kinacholiwa chote ndani ya dakika mbili hivi, na simama uangalie mpaka kiishe, usimwage ukaondoka. Cha kugandisha kiyeyushe kwenye chujio umwage yale maji yake, inasaidia ila kidogo tu kwa sababu fosfeti nyingi iko ndani ya nyama yenyewe. Lakini samaki usiwashindishe njaa, hao hawana kosa. Maji ya kuongezea yawe ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa kupitishwa kwenye utando, yaliyopita na kwenye resini ya DI inayonasa chumvi zilizobaki, na kipimo cha TDS, cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kisome 0, kikianza kusoma 2 au 3 badilisha resini. Soksi ya kichujio ikae siku tatu nne uifue, ikiachwa wiki mbili inageuka shimo la kuozeshea uchafu. Nyuma ya mawe pulizia maji kwa pampu ndogo uchafu uinuke skima iukamate. Na konokono wakipungua watafute, mmoja mkubwa akifia chini ya jiwe anachafua maji vibaya.

Pili, weka kitu kinachotoa fosfeti kila siku bila haraka. Ninachokipenda zaidi ni mwani wa Chaetomorpha kwenye sampu, lile tangi la pembeni ambalo maji yanazungukia, taa yake iwake usiku wakati taa kubwa imezimwa, hapo unasaidia pH isishuke sana pia. Kumbuka fosfeti haijatoka mpaka umevuna, kwa hiyo kila ukijaa toa hata theluthi yake utupe nje ya mfumo. Kama naitreti yako ni 0 huo mwani hautakua na fosfeti itabaki juu, hapo inabidi uongeze naitreti kidogo kidogo mpaka ifike kama 5 ppm, inaonekana kinyume lakini mwani unahitaji vyote viwili.

Tatu ndo GFO, zile chembe nyekundu za oksaidi ya chuma. Zioshe kwa maji ya RO mpaka vumbi la rangi ya kutu liishe, weka kwenye riakta, kile kichupa kikubwa ambacho pampu inapitishia maji, mkondo uwe wa kuzitikisa juu juu tu, zikigongana kwa nguvu zinasagika na kuingia kwenye tangi. Anza na nusu au hata robo ya kipimo cha kwenye lebo. Hili nalisema kwa uchungu, mimi niliwahi kuweka kipimo kizima kwenye tangi lililozoea 0.5, siku mbili ikashuka mpaka karibu na sifuri, na Acropora, matumbawe magumu ya matawi, zikaanza kubanduka nyama kutoka chini zikabaki mifupa meupe. Fosfeti ya juu haikuwa imeziua kwa mwaka mzima, mshtuko wa siku mbili ndo uliziua. Kutoka 0.5 mpaka 0.1 jipe wiki sita au nane. Pima alkaliniti pia, ule uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, GFO ikiwa nyingi huishusha. Kujua kama imechoka pima maji yanayotoka kwenye riakta, yakilingana na ya tangi badilisha.

Lanthanamu kloraidi inafanya kazi haraka mno na ndo maana siipendekezi kwa anayeanza. Inageuza fosfeti kuwa vumbi jeupe, hilo vumbi lisipokamatwa linasumbua samaki, hasa kangaja. Ukilazimika, ichanganye na maji mengi ya RO, idondoshe polepole ndani ya soksi ya maikroni 5 au 10 na skima ikiwa inafanya kazi. Matumizi yake mazuri kwangu ni nje ya tangi, kulowekea mawe ya zamani kwenye ndoo kabla hayajaingia.

Pima mara mbili kwa wiki, saa ileile, uandike pamoja na alkaliniti. Ikifika 0.1 punguza GFO nusu, ikikaa wiki mbili bila kupanda punguza tena, mpaka uone kama Chaetomorpha peke yake inaweza kuishikilia. Ikirudi kupanda polepole ni mawe bado yanaachia, rudisha robo ya GFO uendelee.