Choo kigumu? Inua magoti kwanza
Wenye choo cha kukaa, wekeni kigoda kifupi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga. Kuna msuli unaoizunguka njia ya haja kubwa kama kitanzi na kuikunja. Ukichuchumaa, au ukiinua magoti hivyo, msuli huo unalegea, njia inanyooka. (Wa choo cha kuchuchumaa, nyie mshamaliza.) Inama mbele, viwiko mapajani, tumbo lilegee, toa pumzi taratibu kwa mdomo. Usibane pumzi ukasukuma. Simu ibaki sebuleni.

Haja ikikubana kwenye daladala la Mbagala foleni haina huruma, najua, ila ukifika nyumbani usiahirishe tena.

Wengine wanakula papai na kunywa maji bila nafuu, kwa sababu misuli ya sakafu ya nyonga (ile ya chini inayofunga na kufungua njia ya haja) inakaza pale inapotakiwa kulegea. Dawa za kulainisha choo hazimfundishi mtu kuilegeza. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya misuli) anafundisha. Muulize daktari kuhusu rufaa, hospitali ya Muhimbili huduma ya fiziotherapia ipo. Kinamama mliochanika wakati wa kujifungua na sasa hewa au choo kinawatoka bila hiari, mnahitaji daktari wa wanawake na fiziotherapia kwa pamoja. Ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, wahi hospitali.